Mazesoba ya mgahawa mpya: tambi zimepikwa vizuri, bakuli lina kasoro

Wapenzi wengi wa vyakula vya Kijapani wamezoea rameni, yaani tambi zinazoletwa ndani ya supu iliyochemshwa kwa saa nyingi. Kwa hiyo mgahawa mpya unaothubutu kuanza kazi kwa kuuza tambi zisizo na supu hata kidogo unastahili kupimwa kwa makini. Chakula chake kikuu ni mazesoba ya mtindo wa Nagoya, ulioanzishwa mwaka 2008 na mgahawa wa Menya Hanabi wa jiji hilo. Kabla yake, tangu miaka ya 1950, eneo la Tokyo lilikuwa tayari na abura soba, tambi zinazochanganywa na sosi ya soya na mafuta, lakini Nagoya iliongeza ukali wa pilipili na wingi wa viungo.

Bakuli lililoletwa mbele yangu lilikuwa limepangwa kwa uangalifu. Katikati ilikaa nyama ya nguruwe ya kusaga, iliyokaangwa kwa pilipili na soya, na juu yake kiini kibichi cha yai. Kuizunguka kulikuwa na majani ya vitunguu yaliyokatwakatwa, nira, majani ya jamii ya vitunguu yenye harufu inayokaribiana na ya saumu, vipande vya mwani mkavu, saumu mbichi iliyosagwa na unga wa samaki wakavu. Sosi yenyewe haionekani, kwa kuwa humiminwa chini kabisa kabla ya tambi kuwekwa, na mlaji asipochota kutoka chini na kugeuza mara nyingi ataishia kula tambi zisizo na ladha juu na chumvi tupu chini. Hilo wahudumu hawakulieleza, nami niliwaona wageni wa meza ya jirani wakila tabaka kwa tabaka, kisha wakaacha nusu ya chakula. Sentensi moja ya mhudumu ingetosha kuwaokoa.

Jambo ambalo mgahawa huu umelipatia kikamilifu ni tambi. Pasipo supu ya kuzifunika, kila kosa la mpishi huonekana, na hapa sikuliona. Ni tambi nene za ngano, zilizokandwa kwa kansui, maji yenye chumvi za jamii ya magadi, ambayo huzipa rangi ya manjano na mnato unaoyapa meno kazi. Nilikuwa nimeketi kaunta, nikamwona mpishi akizitoa kwenye maji yanayochemka, akazikung'uta, kisha akazikoroga kwa nguvu kwa kijiti zikiwa bado ndani ya chujio. Si madoido: kukoroga huko huzichubua kidogo, wanga hujitokeza juu, na sosi hupata mahali pa kushika. Matokeo yake ni kwamba kila utambi ulifika mdomoni ukiwa umevaa sosi, kiini cha yai na chembe za nyama kwa pamoja. Ukali wa pilipili ulitangulia, kisha utamu wa soya, na mwisho kabisa ladha nzito ya samaki mkavu, ambayo ndiyo iliyonifanya niendelee kuchota hata baada ya kushiba. Nilipofika katikati niliongeza siki iliyolowekewa kombu, mwani mnene wa Kijapani, kutoka kwenye chupa ya mezani. Mafuta yakapungua uzito papo hapo.

Kasoro kubwa ni joto. Supu hutunza moto wa rameni kwa muda mrefu, lakini mazesoba hutegemea joto la tambi na la bakuli peke yake, na bakuli langu halikuwa limepashwa moto kabla ya kutumiwa. Sikuwa mlaji wa polepole, hata hivyo theluthi ya mwisho ilikuwa imepoa, mafuta yameanza kuganda na tambi zimeshikana. Kwa mgahawa uliojitaabisha kiasi hicho kwenye tambi, uzembe huu unasikitisha, hasa kwa kuwa maji ya moto ya kusuuzia bakuli yapo hapohapo jikoni.

Baada ya tambi kwisha huletwa oimeshi, kijiko kikubwa cha wali wa kuchanganya na sosi iliyobaki, na haulipiwi. Usiukatae, kwani nyama nyingi huwa imejificha chini na wali ndio unaoikusanya.

Wasiokula nguruwe, kwa sasa, hawana chaguo jingine katika orodha ya vyakula, na mgahawa ungefanya vyema kuandaa nyama ya kuku. Asiyetaka yai bichi, wakiwamo wajawazito, aseme mapema wakati wa kuagiza. Nilipouliza, mpishi alisema hukiondoa kiini hicho na kuweka yai lililochemshwa likaiva.