Wakili aliyelitoa jina langu kwenye kesi ya gari nililokwisha kuuza

Nina duka la nafaka karibu na soko la Wakulima hapa Nakuru, na kwa miaka minne nilikuwa na Probox ya kubebea magunia. Niliiuza mwaka 2021. Mnunuzi alilipa kupitia benki, uhamisho ukafanyika kwenye mtandao wa NTSA, mamlaka ya Kenya inayosajili magari, jina langu likatoka. Kumbe halikutoka kila mahali. Februari iliyopita kijana wa kupeleka samansi, yaani wito wa korti, alinikuta dukani nikipima maharagwe. Gari lile lilikuwa limemgonga mwendesha boda boda barabara ya kwenda Njoro, akavunjika mguu, na mimi nilikuwa mdaiwa wa tatu.

Wakili wa kwanza niliyemwendea alitaka shilingi 90,000 na akaniahidi tutapambana hadi hukumu. Hakuomba kuona karatasi hata moja. Nikaondoka. Mwenzangu wa chama ndiye aliyenielekeza kwa huyu mama wakili, kijana kiumri, ofisi ndogo ya ghorofani yenye karani mmoja.

Swali lake la kwanza lilikuwa tarehe niliyopokea samansi. Akasimama, akahesabu kwa kalamu kwenye kalenda ya ukutani. Samansi ilinipa siku 15 za kujitokeza na tisa zilikuwa zimekwisha. "Mama, tuanze na hili, mengine yatangoja." Akanieleza kwamba ukinyamaza, mlalamishi anaweza kuomba hukumu bila wewe, hata kama hudaiwi kitu. Jioni hiyo hiyo alikuwa amekwisha kuwasilisha hati ya kujitokeza, inayoiambia korti kwamba mdaiwa atajibu kesi, kwenye mfumo wa mtandaoni wa Mahakama.

Halafu akapanga karatasi zangu mezani kwa tarehe: mapatano ya mauzo, risiti ya benki, rekodi ya NTSA inayoonyesha mwenye gari siku ya ajali. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinasema aliyeandikishwa ndiye huchukuliwa kuwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo rekodi ile ndiyo iliyobeba uzito wote. Chanzo cha matata tukakipata pia: nakala ya logibuku yangu ya zamani, ile hati ya umiliki wa gari, ilikuwa imebaki ndani ya gari, na abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wao wa ajali, ikaandikwa kwa kuifuata.

Hakukimbilia kortini. Alimwandikia kwanza wakili wa mlalamishi, akaambatisha ushahidi, akamwomba aniondoe kwa hiari. Wiki mbili kimya. Ndipo akapeleka ombi chini ya Amri ya 1, kanuni ya 10(2), ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010, inayoiruhusu korti kufuta jina la mtu aliyeunganishwa isivyofaa, wakati wowote wa kesi.

Hati ya kiapo alinisomea kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Nilitaka tuongeze kwamba kijana wa boda alikuwa amebeba watu watatu. Akaweka kalamu chini.

"Uliona, mama?"

"Nilisikia sokoni."

"Basi hatuliapii."

Hapo ndipo nilipomwamini. Na kuna jambo lililoninyima usingizi: nikitoka mimi, yule kijana atakosa haki yake? Ana mguu uliovunjika na pikipiki haifanyi kazi. Akanionyesha kanuni ya 9 ya Amri hiyo hiyo: kesi haianguki kwa sababu tu mtu asiyehusika aliunganishwa. Mwenye gari na dereva wanabaki kujibu. Alinirudia maneno hayo mara mbili bila kuchoka.

Ombi lilisikizwa kwa video. Wakili wa upande wa pili alisema tungoje kesi isikizwe yote, akataja uamuzi wa D.T. Dobie dhidi ya Muchina, ulio katika ripoti za sheria za 1982, unaoonya korti zisifute madai kwa haraka. Wakili wetu akakubali onyo hilo, kisha akauliza ni swali gani limebaki la kunihoji mimi ikiwa rekodi ya serikali yenyewe inasema gari lilikuwa la mwingine. Hakimu akafuta jina langu, kesi ikaendelea na wale wawili, nami nikapewa gharama za ombi.

Sasa mapungufu, maana yalinisumbua kweli. Simu yake haishikwi. Niliwahi kukaa siku tatu bila jibu. Tarehe ya uamuzi iliahirishwa na hakuna aliyeniambia, nikafunga duka siku nzima na kupata habari mlangoni mwa korti. Tena hakunieleza mapema kwamba kupewa gharama si kulipwa: ni lazima zikokotolewe kwanza, kisha zidaiwe. Hilo mteja anapaswa kuambiwa siku ya kwanza.

Nililipa 35,000 kwa awamu tatu, ada za korti kando, na kila mara nilipewa risiti. Ningemrudia bila kusita. Ukimwendea, nenda asubuhi kabla ya saa mbili, kabla hajaingia kortini, na ubebe samansi yenyewe pamoja na bahasha yake, kwa sababu tarehe yangu ya kupokea niliikuta imeandikwa kwa kalamu nyuma ya bahasha.