Kozi ya kurudi kwenye uwakili: nyota nne, na ya tano naieleza

Tangazo lao linasema watakurudishia kujiamini. Hapo hawakunipata. Mtu aliyelea watoto watatu na kumuuguza mama mkwe hadi siku yake ya mwisho hatishwi na chumba cha mahakama. Kilichonipungukia ni kasi. Nilipoacha kazi, majalada yalikuwa ya karatasi, nyaraka zinagongwa muhuri dirishani kwa karani, na ukitaka kujua shauri limeahirishwa lazima ukasimame koridoni. Siku hizi unawasilisha mtandaoni, mfumo ndio unaohesabu muda wako, na jaji anaweza kukusikiliza ukiwa mezani kwako. Nikajiandikisha kwa ajili hiyo.

Mihadhara ya sheria mpya ni ya kawaida. Mingi yake ungeweza kujisomea mwenyewe. Uliostahili kukaa nao ni ule wa ulinzi wa taarifa binafsi: mkufunzi alichukua kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, akaonyesha inavyomfikia hata mfanyabiashara asiye na ofisi Ulaya, mradi anawauzia watu walioko huko. Mikataba niliyokuwa naandika zamani haikuwa na neno hata moja kuhusu hilo.

Utamu wa kozi uko kwenye mazoezi. Tulipewa maoni ya kisheria yaliyoandikwa na programu ya akili mnemba, lugha imenyooka, kila hoja na kesi yake. Kazi: thibitisha kabla hujaweka saini. Kesi moja haikuwapo duniani, na hiyo ni rahisi, unaitafuta huioni. Iliyonichelewesha ni nyingine: majina ya kweli, mahakama ya kweli, mwaka wa kweli, ila hukumu yenyewe inazungumzia jambo jingine kabisa. Huwezi kulijua hilo bila kuifungua na kuisoma. Mkufunzi akatukumbusha shauri la Mata dhidi ya Avianca, New York, ambako mwaka 2023 mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu zilizobuniwa na ChatGPT. Vijana darasani walishtuka. Sisi wa zamani tulitazamana tu, maana tulifundwa kutoamini muhtasari wa mtu.

Kisha kuna usahihishaji wa rasimu, na hapa pesa yangu ilirudi. Kifungu cha notisi nilichokizoea kinataja barua ya rejista na faksi. Msahihishaji akakata faksi, akaandika pembeni: barua pepe. Nikabisha. Barua pepe inahesabika imepokelewa lini, ikitumwa au ikifunguliwa? Na aliyeacha kazi, sanduku lake linasomwa na nani? Hakusema nimekosea wala nimepatia. Alirudisha rasimu na maneno mawili: "Basi andika." Nikaandika kwamba notisi itahesabika imepokelewa siku ya kazi inayofuata baada ya kutumwa, isipokuwa ujumbe umerudi kwa kutofika, na kwamba kila upande utaje anwani ya cheo badala ya jina la mtu. Akakipitisha, akaongeza koma moja. Sijafurahia koma namna ile tangu nilipokuwa mwanafunzi.

Somo la wasifu na usaili, kwa upande mwingine, ningelifuta. Wanakushauri uite miaka ya kulea "usimamizi wa miradi ya kaya". Jamani. Anayesoma wasifu wako naye ana watoto, atacheka. Kilichofaa ni usaili wa majaribio tu, ambako unazoezwa kuijibu miaka ya nyumbani kwa sentensi moja na kuhamia kwenye kazi unayoiweza kabla mwenzako hajaweka uso wa huruma.

Pia msiichanganye kozi hii na programu za kurejea kazini zenye malipo, kama ile ya Goldman Sachs iliyoanza 2008 kwenye benki, au OnRamp Fellowship iliyofunguliwa Marekani 2014 kwa ajili ya wanasheria wanawake. Kule unaingia ofisini na unalipwa. Hapa wewe ndiye unayelipa, na "kuunganishwa na waajiri" kumeishia kwenye orodha ya makampuni makubwa. Ofisi ndogo za mawakili wawili watatu, ambazo mara nyingi ndizo zinazohitaji mkono mzoefu wa nusu siku, hazimo.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya leseni. Cheti chao hakikurudishii haki ya kufanya uwakili. Hilo linaamuliwa na chombo kinachosimamia mawakili mahali ulipo: kipo kinachodai ada za nyuma, kipo kinachotaka saa za mafunzo endelevu, na kipo kinachopima upya kama unafaa. Kozi inalitaja jambo hili kwenye kipindi cha mwisho, wakati lilipaswa kuwa la kwanza. Kabla hujalipa, kiandikie chombo chako uulize wanataka nini na kama saa za kozi hii zitahesabiwa. Ulizia na bima ya makosa ya kitaaluma, kwani huenda ile ya zamani ilishakoma.

Video zinafungwa kozi ikiisha, kwa hiyo andika maelezo yako mapema. Na ukipewa nafasi ya kuchagua kundi, chukua la jioni. Yule wa faksi yuko huko.