Almasi ya kahawia au nyeupe: ipi ununue Mombasa

Nianze na uamuzi wangu. Ukitafuta pete ya posa au herini za bibi harusi, na mfuko wako ni wa kawaida, nunua almasi ya kahawia isiyokolea, ile ambayo wauzaji huiita shampeni. Ya pili naweka nyeupe ya wastani, ya tatu nyeupe safi kabisa, na kahawia iliyokolea sana inashika mkia.

Hapa kwetu wengi bado wanaamini kwamba almasi ya kweli ni nyeupe, na ya kahawia ni jiwe lililoharibika. Si kweli. Zote ni kaboni, na zote zina ugumu wa 10, ambao ni wa juu kabisa, kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe. Umanjano kwenye almasi huletwa na naitrojeni. Ukahawia kwa kawaida hutokana na fuwele kubanwa na kupindwa na shinikizo kubwa huko chini ya ardhi. Rangi hiyo ni ya jiwe lenyewe: haitoki kwa sabuni wala kwa maji ya bahari.

Kilichoshusha bei ya kahawia ni soko. Kwa miaka mingi mawe haya yalipelekwa viwandani kukatia na kusagia. Mambo yaligeuka mgodi wa Argyle, Australia Magharibi, ulipoanza kutoa almasi kwa wingi katika miaka ya 1980. Sehemu kubwa ya mawe yake ilikuwa ya kahawia, basi yakapewa majina ya shampeni na konyaki, na kipimo cha rangi kinachoanza C1, nyepesi kabisa, hadi C7, iliyokolea. Baadaye kampuni ya Le Vian ya Marekani ikaja na jina la chokoleti. Argyle ilifungwa mwaka 2020, na muuzaji akikuhimiza ununue haraka kwa sababu kahawia zimekwisha duniani, usikubali kuongezewa bei. Zilizokuwa adimu kweli pale Argyle ni za waridi. Kahawia hutoka migodi mingi, hata ya Afrika: Golden Jubilee, mojawapo ya almasi kubwa kuliko zote zilizochongwa, karati 545.67 (karati ni kipimo cha uzito wa vito), ni ya manjano na kahawia, na ilichimbwa Afrika Kusini.

Faida kwako ni kwamba kwa uzito na usafi uleule, kahawia kwa kawaida ni rahisi kuliko nyeupe. Pesa unayobakisha usiimalizie kwenye ukubwa. Iweke kwenye mchongo, maana mchongo ndio unaofanya jiwe limete. Tena rangi ya kahawia husitiri madoa madogo ya ndani ambayo kwenye jiwe jeupe yangeonekana.

Na uzuri wake? Mtazame bibi harusi wa Mji wa Kale aliyetiwa hina, ile iliyoshika rangi siku ya pili. Jiwe la C2 au C3, rangi ya strungi nyepesi, likiwa limekaa kwenye dhahabu nyekundu au ya manjano juu ya mkono ule, linaoana na ngozi na hina kwa pamoja. Nyeupe nayo hupendeza, lakini hujitenga: jicho linaona jiwe kwanza, halafu mkono. Mimi napenda vito vinavyompamba mtu mzima, na hapo kahawia inashinda bila ubishi.

Kama moyo wako uko kwenye nyeupe, usikimbilie herufi za juu. Rangi hupimwa kutoka D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z. Kwenye dhahabu ya manjano, ambayo ndiyo tunayoipenda Pwani, jiwe la I, J au hata K linaonekana jeupe, kwa sababu umanjano wake mdogo humezwa na ule wa dhahabu. Ukitaka dhahabu nyeupe au platinamu, panda hadi G au H. D hadi F ni mawe mazuri mno, na mwenye uwezo asizuiwe, ila tofauti ya D na F jiwe likishawekwa kwenye pete huioni kwa macho matupu, na bei yake utaiona vizuri sana. Jihadhari pia na karati moja kamili, maana bei huruka ikifika 1.00. Jiwe la 0.90 kidoleni ni karibu sawa.

C6 na C7 zikiwa ndogo na zimepangwa nyingi pamoja huwa giza tupu ukumbini usiku. Napendekeza hizo kwa kitu kimoja tu: pete ya fedha ya mwanamume, yenye jiwe moja pana.

Kahawia au nyeupe, usinunue almasi kama akiba. Ukirudi kuuza, sonara atapima dhahabu na kutoa uzito wa jiwe, na la jiwe utapewa kidogo au hupewi kitu. Anayetaka akiba na anunue bangili za dhahabu.

Dukani, taa zile kali hufanya kila jiwe limeremete. Mwombe muuzaji mtoke pamoja hadi mlangoni, kwenye mwanga wa mchana. Kunja karatasi nyeupe, lilaze jiwe kifudifudi kwenye mkunjo, ulitazame kwa ubavuni. Nyeupe itajionyesha kama ina umanjano. Kahawia iwe na joto la asali au la waridi. Ikivuta kijani au moshi, iache.

Omba cheti cha GIA au IGI, taasisi zinazopima vito, na ulinganishe namba yake na iliyochorwa kwa leza ukingoni mwa jiwe. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa anayenunua nyeupe, kwa sababu baadhi ya almasi za kahawia hubadilishwa kuwa nyeupe kwa joto na shinikizo kubwa. Si dhambi, mradi uambiwe na bei ishuke. Uliza vilevile kama jiwe limetengenezwa maabara badala ya kuchimbwa, maana za maabara zimeshuka bei mno. Na usitegemee peke yake ile kalamu ya joto inayotumika kutambua almasi: moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, huweza kuipita.

Mwisho ni dhahabu yenyewe. Ya karati 22 (kwenye dhahabu karati hupima usafi, si uzito) ni laini, makucha yake yanayoshika jiwe hulegea na jiwe hudondoka. Kwa pete ya kila siku chukua 18. Risiti iandike uzito wa dhahabu mbali na uzito wa jiwe, rangi yake, na kama ni la asili au la maabara. Duka likikataa kuyaandika hayo, nenda duka jingine.