Programu nzuri ya ripoti za fedha ambayo wenyewe wameitelekeza

Nimefunga hesabu za mwezi kwa programu hii kwa miaka mingi, tangu walioitengeneza walipokuwa bado wanaijali. Inachukua urari, yaani orodha ya salio za akaunti zote, kutoka kwenye leja kuu na kutoa taarifa ya faida na hasara, mizania, mtiririko wa fedha na hesabu za pamoja za kampuni mama na tanzu zake. Kwa upande wa kupanga ripoti, sijaona inayoishinda. Unaeleza mara moja tu mstari wa mauzo unajumlisha akaunti zipi, unaweka safu za mwezi, bajeti na mwaka uliopita, kisha ripoti hiyohiyo unaitoa kwa idara moja au kwa kundi zima. Ukibofya jumla unashuka hadi kwenye muamala wenyewe. Mkaguzi akiuliza namba imetoka wapi, anajibiwa palepale.

Ndiyo maana inaudhi. Ingekuwa mbovu tungeachana nayo zamani.

Matoleo mapya bado yanatoka, lakini ukisoma maelezo yake unakuta wamebadilisha nembo na kurekebisha rangi za vitufe. Huku ndani mambo ni yaleyale. Ukihamishia orodha ya miamala kwenye Excel, bado unapewa faili la mtindo wa zamani, lile linaloishia mstari wa 65,536. Excel yenyewe ilivuka kikomo hicho katika toleo la 2007 na sasa inabeba zaidi ya mistari milioni moja. Kampuni yenye miamala mingi inakatiwa orodha katikati, tena bila onyo. Anayejumlisha safu ile anapata namba isiyolingana na leja na anabaki kutafuta kosa ambalo si lake. Dosari ya namna hii ningeivumilia kwenye programu ya kuchorea. Kwenye programu ya hesabu, hapana.

Halafu kuna viwango vya kimataifa vya uhasibu, IFRS. IFRS 16 ilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, mikataba mingi ya upangaji ilibidi iingie kwenye mizania, mali upande mmoja na deni upande wa pili. Tulisubiri ripoti za mfano kutoka kwao hadi tukatengeneza zetu kwa mkono. Sasa inakuja IFRS 18, kwa miaka ya fedha inayoanza tarehe 1 Januari 2027 au baada ya hapo. Itataka mapato na matumizi yagawanywe katika mafungu, yakiwemo ya uendeshaji, uwekezaji na ugharamiaji, na faida ya uendeshaji ionyeshwe kwa mstari wake. Takwimu za mwaka uliotangulia nazo zinapaswa kupangwa upya ili zilinganishike, kwa hiyo anayefunga mwaka Desemba anahitaji namba za 2026 zikiwa tayari kwenye mpangilio huo. Niliwauliza wamejiandaaje. Nikajibiwa kwamba ombi langu limepokelewa na limepelekwa kwa timu ya bidhaa. Jibu hilohilo, neno kwa neno, nilishapewa kuhusu Excel.

Watu wa mauzo ndio hawachelewi kupiga simu. Wanataka tuhamie kwenye programu yao mpya ya mtandaoni. Nilionyeshwa: grafu zinapendeza, lakini kuondoa miamala ya ndani kati ya kampuni za kundi moja "kupo kwenye mipango", na ripoti zetu za sasa hazihamishiki. Tuanze upya. Wakati huohuo ada ya matengenezo ya hii ya zamani inapanda kila mwaka. Matengenezo gani, sijui.

Kampuni moja isiyo na tanzu, yenye miamala ya kiasi, inaweza kuendelea nayo. Kundi la kampuni lisiinunue leo. Ambao tayari mnayo, toeni nje maelezo ya kila mstari wa ripoti na orodha ya akaunti zake sasa, programu ikiwa bado inafunguka; sisi tumeshaanza, na ni kazi ya kuchosha kwelikweli.

Tumewaandikia tukitaka mambo mawili kwa maandishi: tarehe ya mwisho ya kuihudumia programu hii, na mpango wao wa IFRS 18. Ankara ya mwaka ujao imeshafika. Majibu bado, na mpaka yafike hailipwi.

Nyota mbili kati ya tano.