Boti ya rimoti inayorusha maji ovyo: uzoefu wangu

Kwa wenye haraka: boti ni nzuri, kijitabu chake ni cha hovyo, na yale maji yanayoruka pasipotakiwa yanatibika kwa bisibisi na rula. Chapa siitaji, wala duka la Kariakoo nililonunua, maana shida niliyokutana nayo inaweza kumpata mwenye boti yoyote ya aina hii.

Yangu ni ya plastiki ngumu, ina urefu wa kama sentimita 60 na umbo la V kwa chini. Mota yake ni ile isiyo na burashi za kaboni (brushless), inapozwa kwa maji. Betri ni ya lithiamu ya seli 3, volti 11.1 kwenye lebo, 12.6 ikijaa. Nyuma kuna propela moja, usukani uliokaa kando yake kidogo, na vibati viwili vidogo, kimoja kushoto na kingine kulia. Kumbukeni hivyo vibati.

Kukimbia, inakimbia hasa. Ukivuta kitufe mpaka mwisho inainua pua na kuteleza juu ya maji. Lakini tangu siku ya kwanza, ikifika kasi hiyo ilikuwa inatoa feni ya maji upande wa kushoto nyuma, inapanda hadi juu ya mfuniko na kurudi kulowesha boti nzima. Juu ya hilo, kila nikiitoa majini nakuta ndani pana maji. Nilirudi dukani nikaambiwa, "Bosi, zote ndivyo zilivyo, hiyo ndiyo raha yake."

Jibu hilo ni nusu kweli, na ndiyo sababu linaudhi. Boti hizi zina maji ya aina mbili yanayoruka kwa haki yake. La kwanza ni uzi mwembamba unaotoka kwenye tundu dogo ubavuni. Hayo ni maji ya kupozea: yanaingia kwenye tundu lililo ukingo wa mbele wa usukani, yanasukumwa na mwendo wenyewe wa boti kwa sababu hakuna pampu, yanapita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye kidhibiti mwendo, yaani kifaa cha umeme kinachopangia mota kasi, kisha yanazunguka mota na kutokea ubavuni. Ule uzi ukikatika, rudisha boti haraka, kuna takataka imeziba au mpira umejikunja, na mota inaungua. La pili ni mkia mrefu wa maji nyuma, unaotupwa na propela inayozunguka nusu ndani ya maji na nusu nje. Huo nao ni wa kawaida. Feni yangu ya kushoto haikuwa hata kimojawapo.

Pa kujaribia nilichagua upande wa ghuba, Msasani. Coco Beach inatazama bahari kuu, na kusi ikivuma pale mawimbi yanairusha boti ndogo kama chapati, huwezi kujua maji yapi yamesababishwa na nini. Maji yakipwa, miamba inatokeza na propela haisalimiki. Nenda asubuhi kabla ya upepo kuamka, maji yakiwa yamejaa.

Mpwa wangu alikuwa anarekodi kwa simu, video ya mwendo wa polepole, fremu 240 kwa sekunde. Mzee mmoja wa pale, mtu wa boti za kuvulia, akasogea kutazama. Nikamwamkia, akaitikia, akaangalia boti ikipita mara kadhaa bila kusema kitu. Halafu akauliza, "Mwanangu, mbona inalalia kulia? Kitako cha kushoto kinabebwa na nini?"

Nilikuwa nimeuona ule ulalo, nikadhani ni msokoto wa propela moja, ambao kweli huinamisha boti kidogo. Mpwa akarudisha video nyuma. "Mjomba, ona hapa." Polepole hivyo ilionekana wazi kabisa: maji yanatoka chini ya boti yakiwa laini, yanagonga ukingo wa kibati cha kushoto, yanapasuka na kupanda kwa pembeni. Propela haihusiki hata kidogo.

Nikaigeuza boti juu chini, nikalaza rula ya chuma kwenye sakafu yake na kuipitisha hadi kwenye kibati. Cha kulia kilikuwa sambamba na rula. Cha kushoto kilikuwa kimeshuka, kinaisukuma rula juu kiasi cha unene wa sarafu. Kibati kikishuka hivyo kinafanya kazi mbili mbaya: kinanyanyua upande wake, ndiyo maana boti inalalia upande wa pili, na kinakwaruza maji badala ya kuyaacha yapite. Skrubu zake mbili zilikuwa hazijakazwa sawasawa tangu zilikotoka. Nililegeza, nikakiinua hadi kikawa sambamba na sakafu, maana bora kizidi juu kidogo kuliko kushuka chini, nikapaka tone la gundi ya kuzuia skrubu zisilegee, nikakaza. Jaribio lililofuata feni ilikuwa imekwisha na boti ilikwenda wima. Mzee akacheka, akasema bei ya boti yote hiyo anaweza kununua nyavu.

Wakati wa kukagua nilipita na sehemu nyingine zinazoweza kuleta shida hiyo hiyo: propela iliyovunjika ncha, majani yaliyojisokota kwenye mkono wa shafti (ule unaoshika mhimili wa propela), usukani uliopinda hivyo maji yanaupanda. Zote zilikuwa sawa. Kuna na kona ya chini kabisa ya nyuma ya boti, ambayo kwenye plastiki ya kumimina huwa ya mviringo. Maji hupenda kuifuata na kupanda badala ya kuachana nayo. Wanaoshindana huichonga iwe kali kwa gundi ya epoksi. Mimi sishindani, nimeiacha.

Maji ya ndani yalikuwa kesi tofauti kabisa. Mfuniko niliuziba kwa selotepu pana, bado yakaingia. Hapo nikatumia karatasi ya chooni: kausha ndani kwa kitambaa, tandika vipande vidogo kwenye kila mahali unapopashuku, yaani chini ya mdomo wa bomba la shafti, chini ya kile kimpira cha fimbo ya usukani, chini ya kila kiungo cha mpira wa maji. Kimbiza boti kidogo tu, usingoje ijae, fungua. Kipande kilicholowa kinakuonyesha mwizi. Kwangu kililowa kimoja, chini ya kidhibiti mwendo. Nikachukua bomba la sindano la duka la dawa, nikasukuma maji taratibu kupitia tundu la usukani, na kweli, kwenye chuchu ya kidhibiti, pale mpira unapochomekwa, palitokea tone, likavimba, likadondoka, likafuata jingine. Mpira ulikuwa umechomekwa tu bila kufungwa. Boti ikikimbia presha inapanda na tone linageuka mchirizi. Nilikata ncha iliyolegea, nikachomeka upya na kufunga kwa zipu tai ndogo, viungo vyote vinne kwa mpigo. Mpira wa akiba wa silikoni utaupata kwa wauza matangi ya samaki wa mapambo, wanakata kwa mita.

Kwa hiyo alama zangu ni hizi. Mwendo na nguvu, safi. Plastiki imegonga gati na haijapasuka. Usukani unaitika haraka, labda haraka mno kwa mtoto mdogo. Utengenezaji wa mwisho, yaani kukaza skrubu na kufunga mipira, ni uzembe mtupu, na kijitabu hakina neno moja kuhusu vibati wala maji ya kupozea. Alama za duka ni sifuri, maana kukagua hayo mbele ya mteja ni kazi ya dakika chache.

Ukinunua kwa ajili ya bahari, jiandae pia na chumvi. Baada ya kila matumizi nasukuma maji baridi ya bomba kwenye njia ya kupozea kwa lile lile bomba la sindano, nachomoa shafti, naifuta na kuipaka grisi upya. Wakati wa kuirudisha naacha nafasi ya kama milimita 2 kati yake na mkono wa nyuma, kwa kuwa shafti hii ni waya uliosokotwa, nao hufupika ukibeba mzigo. Betri siihifadhi ikiwa imejaa, naishusha hadi kama volti 3.8 kwa kila seli. Kwa joto la Dar ikikaa imejaa inavimba. Skrubu za usukani zimeanza kutu tayari, natafuta za chuma kisichoshika kutu, kipimo cha milimita 3. Anayejua duka zinakopatikana aniambie.