"Mwambie mzee aje": uzoefu wangu na taima ya kugeuza mayai

Nilitaka kuandika neno moja tu: msinunue. Lakini nimekaa na kitu hiki wiki kadhaa, hasira imepoa kidogo, na sasa sijui kama nigombane na kifaa au na mtu aliyeniuzia. Someni mwamue.

Nafuga kuku wa kienyeji huku Lanet, Nakuru. Inkubeta yangu ni ya mbao, nimeitengeneza mwenyewe, inabeba mayai sitini. Joto halinisumbui. Kilichonichosha ni kugeuza. Tangu siku ya kwanza hadi ya 18 mayai lazima yageuzwe, la sivyo kiinitete kinagandia upande mmoja wa yai na kifaranga humwoni. Kwa mkono maana yake ni kuamka saa nane usiku na tochi mdomoni, na baridi ya Nakuru mwezi wa Julai mnaijua. Basi nikaingia duka moja la vifaa vya elektroniki pale mjini, nikatoka na seti ya kujiundia taima: bodi tupu na mfuko wa vipande. Kulehemu si shida. Nilisomea umeme politekniki kabla sijaolewa na mkono haujasahau.

Niseme haki, aliyechora saketi ile ana akili. Watu wengi hutaka 555, chipu ndogo ya kupima muda, isubiri saa mbili peke yake, wanaipa kapasita (kipande cha kuhifadhi chaji) kubwa kama kopo, halafu kapasita inavuja na muda unakuwa wa kubahatisha. Hapa kuna 4060, chipu ya kuhesabu. Rezista ya kilo-omu 200 na kapasita ya maikrofaradi 1 zinaipa mapigo ya chini kidogo ya nusu sekunde, nayo inayahesabu 16,384 ndipo mzunguko utimie. Hiyo inakaribia saa mbili. Kisha inaigusa 555, 555 inashika relei, swichi inayoendeshwa na umeme, kwa sekunde 15, mota inazunguka. Mota yangu ya gia huzunguka mara mbili kwa dakika, kwa hivyo sekunde 15 ni nusu mzunguko: trei inalala kulia, saa mbili baadaye inalala kushoto. Siku ya kwanza niliketi kwa kigoda mbele ya inkubeta nikiitazama kama runinga.

Usiku wa nne, au wa tano, nikaamshwa na mvumo. Nikadhani ni friji. Kumbe trei inakwenda na kurudi kama bembea, haipumziki. Relei inaachia, tak, na papo hapo inashika tena. Sekunde 15, tak. Sekunde 15, tak. Mayai yangu sitini yanapepetwa kama mahindi, na sijui yalianza kupepetwa saa ngapi. Nilichomoa waya nikakaa gizani nikilaani.

Asubuhi nikaigeuza bodi kwenye mwanga. Kando ya relei pamechorwa alama ya dayodi, kipande kinachopitisha stima upande mmoja tu, wazi kabisa, na matundu yake mawili. Kwenye mfuko dayodi haikuwemo. Nilikuwa nimeona pengo lile wakati wa kulehemu nikajiambia labda ni la toleo lingine. Hapo nakubali kosa langu. Kidogo.

Nikapanda matatu na bodi yangu mkononi. Kijana wa kaunta hakuinua macho kwa simu. Nikaeleza. Akasema: "Mama, mwambie mzee aje mwenyewe nimwelezee. Stima si ya kujaribujaribu."

Mzee! Mzee wangu ni dereva, hata balbu ya sebuleni nabadilisha mimi. Nikamwambia sitaki maelezo, nataka dayodi iliyokosekana kwa mfuko niliolipia. Akajibu, "Hiyo si lazima." Si lazima? Koili ya relei ikikatiwa stima inatema mshtuko wa volti nyingi kurudi kwenye saketi, na dayodi ndiyo njia ya kuumaliza hapo hapo. Bila hiyo 555 inadhani imeitwa tena. Nikamweleza hivyo mbele ya wateja. Akacheka, akasema shida ni mota yangu kuukuu.

Dayodi, 1N4007, nilipewa na fundi wa redio karibu na stendi. Alikataa hata kupokea pesa. Nikailehemu siku hiyo hiyo.

Na hapa ndipo inaponiuma kuandika. Ilipunguza ugonjwa, haikuuponya. Mara moja moja trei bado ilirudia. Ilibidi niweke kapasita ya maikrofaradi 0.1 juu ya ncha za mota, na niivutie mota waya zake kutoka kwa betri moja kwa moja, zisipitie kwenye bodi. Brashi za mota zinatoa cheche, na cheche ni kelele. Kwa hivyo yule kijana alikuwa na nusu ya ukweli. Laiti angeisema kama mtu.

Mayai yale yalitoa vifaranga 23. Kwa mkono nilikuwa napata arobaini hivi. Sitaitwika taima lawama yote, maana stima ilipotea karibu siku nzima wiki ile. Lakini sitaiondolea yote pia.

Kundi la pili liko siku ya 16 na taima haijakosea hata mara moja. Nalala hadi alfajiri. Nilikuwa nimeipa nyota moja, sasa naona saketi inastahili nne. Duka halipati kitu. Na mkienda kununua, maana najua mtaenda, fungueni mfuko pale pale kaunta mhesabu vipande mbele yake. Dayodi yangu bado nawadai.