Ndoo ya mkaa wa mifupa kwa maji ya Meru
Floraidi, madini yanayoingia majini kutoka miamba ya volkano ya Mlima Meru (Arusha), hupenya chujio la mshumaa wa udongo kama hakuna kitu. Kuchemsha ndiyo mbaya kabisa: maji yanapungua, floraidi inabaki. Ndoo hii, yenye punje za mifupa iliyochomwa ndani yake, inaipunguza kweli, ila kagua punje kabla ya kulipa. Nyeusi hadi kijivu, sawa. Nyeupe zimeungua mno, hazishiki floraidi. Za kahawia hazijaiva, maji yatanuka. Kasoro kubwa: mkaa ukichoka, ladha haibadiliki hata chembe. Usipopima floraidi (kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita), utakuja kushtuka meno ya watoto yana madoa ya kahawia. Bomba nalo lifungue kidogo tu; maji yakikimbia hayagusani vya kutosha na mkaa.